Kumhamishia mtoto shule ndogo ya msingi ya serikali upande wa Kimbiji: naomba mawazo yenu

Mama Tabata aliuliza:

Habari zenu wanajamvi, na wakubwa zangu shikamooni. Mimi na mume wangu tumekuwa tukipanga nyumba Tabata, Dar es Salaam, kwa muda mrefu, na sasa nyumba yetu iliyoko upande wa Kimbiji, Manispaa ya Kigamboni, imefikia hatua ya kuhamia. Tuna binti aliye darasa la pili katika shule binafsi inayofundisha kwa Kiingereza huku mjini. Tukihama, basi la shule halitafika kule, na hata tukichangia gari na majirani, mtoto wa miaka minane atalazimika kuamka usiku wa manane ili awahi pantoni, au daraja na foleni yake, kisha arudi nyumbani jua limekwisha kuzama. Bweni hatulifikirii, kwanza kwa sababu hatutaki, na pili kwa sababu tangu mwaka 2023 Serikali ilizuia shule kuwaweka bweni watoto wa awali hadi darasa la nne.

Fundi aliyetujengea, ambaye ni mwenyeji wa huko, alitushauri tukaitazame shule ya msingi ya serikali iliyo mwendo mfupi kutoka kwenye nyumba. Ni shule ndogo, wanafunzi hawafiki mia mbili kuanzia awali hadi darasa la saba, na ingawa kiutawala tuko ndani ya manispaa, maisha ya pale ni ya kijiji kabisa: minazi, mikorosho, mashamba ya mihogo, na wazazi ambao wengi ni wavuvi na wakulima.

Tulifika wakati wa mapumziko ya saa nne. Uji ulikuwa ukigawiwa chini ya mkorosho, na waliokuwa wakigawa ni wasichana na wavulana wa darasa la sita, kila mmoja akiwa na safu yake ya watoto wa awali na wa darasa la kwanza. Mtoto mmoja mdogo hakuwa na kikombe. Hakulia wala hakumwendea mwalimu, alisimama tu pembeni, na mvulana aliyekuwa amemaliza uji wake akakisuuza kikombe kwa maji ya ndoo, akakifuta kwa upindo wa shati lake, akamkabidhi bila kusema neno. Wagawaji wenyewe walikunywa mwisho, sufuria ikiwa imebaki ukoko. Baadaye tuliingia ofisini, ambamo kuta zimejaa chati zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: ikama ya walimu (yaani idadi ya walimu waliopo na wanaotakiwa), idadi ya wanafunzi, mahudhurio, matokeo ya upimaji wa darasa la nne na ya mtihani wa darasa la saba. Mwalimu mkuu alimtaja kwa jina kila mtoto aliyepita mlangoni, na alimuuliza mmoja wao kama bibi yake amesharuhusiwa kutoka hospitali.

Niliyoyaona yalinivutia, nami naogopa kuvutiwa, kwa sababu mgeni wa saa moja huona kile alichokwenda kukitafuta. Naomba wenye uzoefu wanieleze kama shule ndogo za namna hii kweli huwajengea watoto heshima, uwajibikaji na moyo wa kujaliana, au kama ni upungufu tu ambao sisi tunaotoka mjini tunaupamba na kuuita maadili. Kuna pia suala la kazi: watoto wanafagia, wanachota maji, wanahudumia bustani ya mchicha. Mume wangu anasema hayo ndiyo malezi aliyolelewa, na dada yangu anasema huo ni utumikishaji wa watoto. Na mwisho ni lugha, maana binti yangu ameanza kusoma hadithi za Kiingereza peke yake, nami sipendi apoteze alichokwisha kukipata. Natanguliza shukrani.

Mstaafu alijibu:

Marahaba mwanangu. Nimefundisha shule za msingi za mkoa wa Pwani na za Dar es Salaam hadi nilipostaafu, zikiwemo shule za mjini zenye mikondo kadhaa kwa kila darasa na watoto wanaoingia kwa zamu mbili, asubuhi na mchana, na shule moja ya kijijini ambayo darasa zima la saba lilikaa kwenye madawati machache ya mbele, nyuma kukabaki ukumbi mtupu. Nitasema kuhusu malezi na kazi. Suala la lugha nawaachia walio kazini sasa.

Kile ulichokiona kwenye uji hakikuwa maigizo ya kumfurahisha mgeni, maana watoto wa umri huo hawawezi kuigiza jambo dogo namna hiyo. Lakini usidhani kuna somo lililowafundisha. Katika shule yenye watoto elfu mbili, takataka iliyo mbele ya darasa si ya mtu, na mtoro anaweza kumaliza wiki nzima kabla hajagundulika, kwa sababu mwalimu wa darasa ana majina zaidi ya mia kwenye daftari la mahudhurio ilhali kiwango kinachotakiwa ni wanafunzi 45 kwa darasa. Katika shule ya watoto chini ya mia mbili, kila mmoja ana kazi ambayo isipofanyika itaonekana mchana huohuo. Mpiga kengele asipofika, vipindi vinachelewa. Wenye zamu ya maji wakizembea, uji unachelewa kuiva na shule nzima inawajua waliosababisha. Mtoto anayekulia katika hali hiyo hupata mapema hisia kwamba yeye anahitajika, na hisia hiyo sijaona hotuba ya paredi inayoweza kuileta.

Kuhusu kazi, ubishi wa mume wako na dada yako ni wa tangu enzi zetu. Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa amefundisha Tabora na hapa Pugu kabla hajaacha ualimu kwa ajili ya siasa, alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, mara tu baada ya Azimio la Arusha. Alitaka shule iwe jamii na wakati huohuo iwe mahali pa uzalishaji, ili mtoto asije akajiona amepanda juu na kuwaacha wazazi wake wakulima chini. Alitaka pia wanafunzi washirikishwe katika kuamua kazi gani ifanyike na mapato yake yatumike vipi. Sehemu hii ya mwisho ndiyo iliyosahaulika mapema. Sote tuliokuwa mashuleni miaka ya sabini na themanini tunazijua shule ambazo jembe lilikuwa adhabu, na ambazo mavuno ya shamba hayakuwahi kusomwa katika mkutano wowote wa wazazi. Mtoto aliyelimishwa namna hiyo alitoka shuleni akilichukia shamba na kumwogopa mwenye cheo, na hakuna kujitegemea hata kidogo ndani yake.

Kwa hiyo mwanangu, usiulize kama watoto wanafanya kazi, uliza mchicha unakwenda wapi. Kama unaingia kwenye chakula chao, au ukiuzwa fedha yake inaandikwa na kusomwa mbele ya kamati ya shule, basi mume wako yuko sahihi. Kama unaishia kwenye majiko ya walimu, dada yako ndiye aliye sahihi. Tazama pia kama kazi inafanyika kabla ya kengele ya vipindi au inaingia ndani ya vipindi, kwa maana hapo ndipo udanganyifu mwingi hufichwa kwa jina la stadi za kazi. Na ukifika asubuhi, angalia kama mwalimu wa zamu naye anashika ufagio. Si lazima afagie uwanja mzima, lakini watoto hutambua upesi kazi ambayo mkubwa haiwezi kuigusa kwa mkono wake.

Mzazi Mkaidi alijibu:

Mzee wetu nakuheshimu, na mengi uliyoyasema nayakubali. Hata hivyo naomba dada yetu asikie na upande wa pili kutoka kwa mzazi aliyewahi kufanya hicho anachokifikiria, katika mkoa mwingine nisioutaja, na ambaye hatimaye alimwondoa mtoto wake.

Kwenye hizo chati za ukutani, dada, ile ya ikama ya walimu ndiyo iliyotakiwa kukusumbua. Tuseme shule ina walimu sita. Madarasa ni saba, ongeza la awali yanakuwa manane. Maana yake ni kwamba kila saa ya siku, hata walimu wote wakiwepo na wote wakiwa wazima, kuna madarasa mawili yasiyo na mwalimu. Mmoja akienda semina na mwingine akiwa likizo ya uzazi, yanakuwa manne. Mwanangu alikaa sehemu kubwa ya muhula bila mwalimu wa Hisabati, na kiranja alikuwa akiandika ubaoni majina ya wanaopiga kelele. Alirudi nyumbani mwenye adabu, akimwamkia kila mtu njiani, akijua kufagia uwanja kwa mistari iliyonyooka ambayo hata mimi siiwezi, na hajui kugawanya kwa tarakimu mbili. Nilipouliza niliambiwa kwamba shule yetu inasifika kwa nidhamu. Nidhamu hiyo ilikuwepo, siibishii, lakini sikumpeleka mtoto shule ili nimpate wa kunifagilia uwanja.

Jambo la pili ni hili la kila mtu kumjua kila mtu, ambalo wengi mnalisifia bila kuligeuza upande wa pili. Mwalimu anayejua bibi wa mtoto amelazwa ndiye huyohuyo anayejua kwamba baba wa mtoto ni mlevi, na watoto wenzake nao wanajua. Katika shule ndogo, mtoto aliyebandikwa jina la mwizi au la mjinga akiwa darasa la pili hulibeba hadi la saba, kwa sababu hakuna mkondo wa pili wa kuhamia na hakuna marafiki wapya wa kuanza nao upya. Shule kubwa za mjini zina dhambi zake nyingi, lakini zinampa mtoto nafasi ya kusahaulika, na wapo watoto wanaoihitaji sana nafasi hiyo.

Kuhusu lugha sitazunguka. Shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari inafundisha kwa Kiingereza. Mtoto anaingia kidato cha kwanza anakutana na Baiolojia kwa lugha ambayo kwa miaka yote aliisoma kama somo mojawapo tu. Wenye bahati huvuka. Binti yako tayari yuko ng'ambo ya pili ya mto huo, na sijui kwa nini umrudishe.

Chaki Nyeupe alijibu:

Shikamoo Mstaafu, na kaka Mzazi Mkaidi habari za siku. Mimi ni mwalimu wa madarasa ya chini katika shule ya serikali iliyo pembezoni mwa jiji hilihili, yenye ukubwa unaokaribiana na hiyo ya Mama Tabata, kwa hiyo naandika nikiwa nimetoka kusahihisha madaftari.

Hesabu ya kaka ni sahihi. Ndivyo tunavyoishi. Tunachofanya ni kuunganisha madarasa kwa baadhi ya vipindi: nakaa na la kwanza na la pili pamoja katika Kusoma, la pili wakisoma kwa sauti wawasikilize la kwanza, kisha la pili wanaandika wakati nawashughulikia wadogo. Mwalimu anayejiandaa anaweza kuifanya hali hiyo iwe na manufaa, hasa kwa wale wakubwa ambao hujifunza zaidi wanapomfundisha mwenzao. Asiyejiandaa huligeuza darasa kuwa gulio. Sidhani kama kuna mwalimu mwenzangu atakayenikatalia hapo.

Niongeze hesabu nyingine ambayo wazazi wengi hawaijui. Tangu Serikali ilipoanza kutekeleza elimu bila ada mwezi Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi imekuwa ikihesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 ndizo zinazoelekezwa shuleni, nyingine zikienda kwenye vitabu. Shule yenye watoto 180 inapata shilingi 1,080,000 kwa mwaka, yaani 90,000 kwa mwezi, za chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika na kila kitu kingine. Shule yenye watoto elfu mbili inapata mara kumi na zaidi ya hapo, ilhali mlango wa ofisi na bomba la maji vinaharibika kwa gharama ileile. Ndiyo maana shule ndogo haiwezi kuendelea bila wazazi. Uji uliouona, dada, haukutoka kwenye ruzuku. Ulitokana na wazazi waliokaa katika mkutano wakakubaliana nani alete unga, nani alete sukari, nani akatoe kuni kwenye shamba lake, na asiye na kitu aje kuchochea moto. Hairuhusiwi kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu mzazi wake hajachangia, na katika shule ndogo ni rahisi sana kulivunja katazo hilo kwa jicho tu, bila hata kutamka, kwa kuwa kila mtu anajua nani hajaleta. Hilo ndilo la kuchunguza. Kama yule mtoto asiye na kikombe alipata uji bila kuulizwa mzazi wake ametoa nini, basi mkutano wa wazazi wa pale una watu wenye akili.

Siku yetu huanza kabla ya saa moja asubuhi kwa namba, maana wanaowahi hugombea kuwa wa kwanza, kisha usafi kwa makundi, mchakamchaka, na paredi ambapo mwalimu wa zamu anakagua kucha, nywele na sare. Hapo huwa natazama jambo moja: anafanyaje akikuta shati lililochanika. Nimewahi kufanya kazi na mwalimu aliyekuwa akimtoa mtoto mbele ya mstari. Nimefanya kazi na mwingine aliyekuwa akimnong'oneza aje ofisini wakati wa mapumziko, na sindano na uzi vilikuwa kwenye droo ya meza yake. Kwenye mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, nami nalipenda, lakini watoto wanaosoma maadili kwenye kitabu saa tano wanakuwa tayari wamekwisha kuyaona, au kuyakosa, pale kwenye paredi.

Viboko hukuviuliza, ila najua vinakukera rohoni, kwa hiyo nivitaje. Kanuni za mwaka 2002 zinamtaka mkuu wa shule mwenyewe, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, ndiye atoe adhabu hiyo, isizidi viboko vinne, kwa kosa kubwa, na iandikwe kwenye kitabu maalumu. Mtoto wa kike anaadhibiwa na mwalimu wa kike, kama yupo shuleni. Mwalimu anayetembea na fimbo darasani kama kalamu anavunja kanuni, na unaweza kuomba kukiona kitabu hicho.

Kuhusu lugha, kaka anasema kweli juu ya kidato cha kwanza, ila katika mtaala huu mpya Kiingereza kinafundishwa kama somo kuanzia darasa la kwanza. Na mtoto ambaye tayari anasoma hadithi peke yake hapotezi lugha kwa sababu ya kuhama shule, anaipoteza kwa kukosa vitabu. Mpelekee vitabu nyumbani. Faida atakayopata kwetu ni kuelewa sehemu na maumbo ya Hisabati kwa lugha anayoiota usiku, na faida hiyo watu huidharau mno.

Mama Tabata aliandika tena:

Nimesoma majibu yote kwa makini na nimemsomea mume wangu kwa sauti. Nilimpigia fundi nikamuuliza habari za mchicha, naye akacheka, akasema mchicha wa shule unatiwa kwenye maharage ya watoto na mwezi uliopita kulikuwa na ugomvi kwenye kamati kwa sababu matuta mawili yaliuzwa na fedha ikachelewa kuandikwa. Sijui nifurahi kwamba kulikuwa na ugomvi au nihuzunike. Nimebakiwa na jambo moja. Binti yangu atakuwa mgeni, mtoto wa nyumba yenye geti, asiyejua kuchota maji kisimani, na matamshi yake yana Kiingereza ndani. Je, wenzake watampokea?

Mwana wa Pwani alijibu:

Dada yangu, furahi kwamba kulikuwa na ugomvi. Mimi nimezaliwa na kusoma huko huko kusini mwa Kigamboni, kabla ya kuja kutafuta maisha Kariakoo, na katika enzi zangu mchicha haukuwahi kugombewa kwa sababu hakuna mzazi aliyejua kwamba ana haki ya kuuliza.

Watampokea, na upesi kuliko unavyodhani, kama hamtamtenganisha nao kwa vitu. Wiki za kwanza watamcheka matamshi. Atacheka na yeye akisikia wanavyosoma Kiingereza. Kinachoweza kumharibia ni ninyi wazazi mkimpa fedha ya kununua mihogo ya kukaanga na kashata kwa darasa zima, maana atapata wafuasi badala ya marafiki, au mkimtuma mlinzi ambebee dumu la maji siku ya zamu yake. Mpeni dumu la lita tatu alibebe mwenyewe. Mchana wenzake wengi watakwenda chuoni kusoma Kurani, na kama ninyi si Waislamu atajikuta peke yake hadi alasiri. Mtafutieni jirani wa dini yenu au mwacheni awasubiri, wataibuka tu kwa ajili ya rede na kombolela.

Mjue pia kwamba shule hiyo ina kalenda yake ya siri. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, madawati ya baadhi ya wavulana hubaki wazi, maana wako pwani na mama zao wakitafuta pweza, na msimu wa korosho ni hivyohivyo. Walimu wanajua. Mwalimu mzuri wa kwetu aliitumia hali hiyo, akatupa hesabu za kilo za korosho na bei, na waliokuwa watoro ndio waliokuwa wa kwanza kujibu. Mwalimu mwingine aliwachapa, na darasa la saba likamalizwa na wasichana pamoja na wavulana wanne tu.

Lakini jambo linaloniuma ni jingine, na dada usinielewe vibaya, maana wewe angalau umeuliza. Tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2016, watu wengi wenye kazi nzuri wamejenga kwetu. Wananunua samaki kwetu, wanaajiri vijana wetu kulinda, na alfajiri magari yao yanawapeleka watoto wao mjini. Shule inabaki na watoto wa mvuvi na wa mlinzi. Kwenye mkutano wa wazazi anakosekana mtu wa kusimama na kumwambia ofisa elimu kwamba walimu hawatoshi, tena kwa maandishi, na kufuatilia barua hiyo manispaa. Mzazi Mkaidi ana haki kabisa ya kumwondoa mtoto wake, kila mzazi anamtetea wake kwanza. Ila wakiondoka wote wanaoweza kulalamika, chati ya ikama itabadilishwa na nani?

Chaki Nyeupe aliongeza:

Mama Tabata, kama mtaamua, fanyeni uhamisho muhula unapoanza, msimhamishe katikati. Mwalimu mkuu wa shule ya sasa ndiye anayeanzisha uhamisho kwenye PREM, yaani mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi kwenye kompyuta, kwa kutumia namba ya mtoto, na mwalimu mkuu wa huko anampokea kwenye mfumo huohuo. Nendeni na nakala ya cheti cha kuzaliwa na ripoti zake za maendeleo. Kwa kuwa anatoka kwenye Kiingereza, mwalimu wa darasa ajulishwe mapema, kwani mtoto wa namna hiyo mara nyingi anajua hesabu ila hajui jina lake kwa Kiswahili, na asiyejulishwa anaweza kumwona mzito. Mwezi mmoja wa kukaa naye jioni juu ya maneno ya Hisabati unatosha kwa wengi wao.

Mzazi Mkaidi aliongeza:

Mwana wa Pwani umenigusa penye kidonda, na sina jibu la swali lako isipokuwa kwamba mwanangu angekuwa ameshamaliza la saba kabla barua hiyo haijajibiwa. Dada, sikukatazi tena. Nakuomba tu, kabla hujakabidhi hizo nakala, umuulize mwalimu mkuu ni nani anayefundisha Hisabati darasa la tatu na la nne, amekaa hapo muda gani, na akihamishwa kipindi chake kitashikwa na nani. Akikujibu kwa majina, mpeleke. Akikujibu kwamba shule yao inasifika kwa nidhamu, rudi hapa tuzungumze upya.